Kabati Lisilo na Msumari

Kwa jina la Mola aliyeotesha mti kabla ya kumwonyesha mja shoka, akaumba mkono kabla ya kuufunza kazi. Shukrani ni zake kwa kila linalonyooka, na subira twamwomba Yeye kwa kila linalokwenda kombo. Rehema zimshukie Mtume wake, na ziwafikie wote wanaokula jasho lao la halali, wawe wa kabila lolote na wasali nyumba yoyote.

Watu wa kisa hiki wapangwe kwanza, ili asipotee msomaji. Yuko Musembi, seremala wa Kamenu mjini Thika, aliyefunzwa kuchonga na mjombake Nzioki huko Wamunyu. Yuko Ndila, mkewe, auzaye muthokoi wa moto, mahindi ya kukobolewa yaliyochemshwa na maharagwe, kando ya barabara, na kila amjuaye mumewe humwita Mama Dianah kwa jina la binti yao. Yuko Gathoni wa Membley, upande wa Ruiru, mke wa Kagwe, aliyeagiza kabati. Na yuko Cucu Beth, yaani Bibi Beth, mama yake Kagwe, ambaye kabati ni la nguo zake. Mwas dereva wa pikapu na Nafuna mlinzi wa lango wataonekana kila mmoja kwa zamu yake.

Miaka sita Musembi alichonga mawe katika machimbo ya Juja. Vumbi lile likamkaa kifuani, na daktari akamwambia kwa lugha nyepesi kwamba akirudi shimoni hatatoka na mapafu. Ndila akauza cherehani yake, wakanunua zana, wakapatana kujaribu useremala mwaka mmoja. Mwaka ulikuwa umebakiza siku tisa. Kabati hili ndilo kazi kubwa ya kwanza: likikubaliwa, karakana itasimama, likikataliwa, zana zitauzwa na Musembi atarudi kwenye vumbi. Hayo waliyajua wote wawili walipofika kwenye lango la mtaa wa Gathoni asubuhi ile ya Jumamosi.

*

"Watu wa kazi ni mlango mdogo," alisema Nafuna langoni. "Gari ipite. Nyinyi mshuke, mpite hapa. Vitambulisho."

Mwas akapita na pikapu yake, na juu yake kabati lililofunikwa turubai, refu kama kibanda. Musembi na mkewe wakapita kwa miguu. Nafuna akaufungua mfuko wa zana, akahesabu kimoja kimoja huku akiandika daftarini.

"Misumeno miwili. Patasi saba. Keekee moja. Nyundo ya mti. Mkitoka nahesabu tena, sawa? Na hiyo kapu, mama?"

"Ni sufuria na mwiko," alijibu Ndila. "Tukitoka hapa tunapitia kwa dada yangu Kamene, Mwihoko. Kuna maombi ya mtoto, na mpishi ni mimi."

Nafuna akauinua mwiko, akaupima uzito mkononi. Ulikuwa wa mzeituni wa porini, mpini wake mrefu na mweusi kwa mvuke wa miaka mingi. "Huu si mwiko, ni silaha," akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka. Kisha akaandika: mwiko mmoja.

*

Nyumba ya Gathoni ilikuwa na mlango mpana wa mbao mbili, na kabati liliingia sebuleni bila taabu, likibebwa na Musembi, Mwas na wanaume watatu walioitwa kutoka mjengo wa jirani. Gathoni alitangulia mbele akikunja zulia, na furaha yake ilikuwa dhahiri. Kabati lilikuwa na milango minne, na katikati yake nguzo ya nakshi, mzabibu uliopanda kutoka chini hadi juu ukitandaza majani. Jani la mwisho lilikuwa limekunja ncha yake kana kwamba limeguswa na jua.

"Haina hata msumari mmoja," aliwaambia wale wabebaji, kama kwamba ni yeye aliyelichonga.

Ngazi ilipanda hatua saba, ikajikunja kama kiwiko, kisha ikapanda tena. Kabati lilifika hatua ya nne likasimama.

"Lalisha," alisema Mwas. "Inua huku. Zungusha. Buda, zungusha!"

"Nizungushe wapi?" alijibu Musembi. "Huku kuna ukuta."

"Si ni hiyo ukuta nakwambia uzungushe nayo!"

Wakalilaza, wakalisimamisha, wakalitanguliza miguu na kisha kichwa. Kona ya juu ikakwaruza ukuta na kuacha mstari mrefu.

"Rangi yangu!" Gathoni akashika shavu.

Juu kabisa ya ngazi alikuwa amesimama Cucu Beth, mkono mmoja kwenye reli. "Haiya," akasema. "Hiyo ni kabati, ama mmeniletea nyumba ya mbao?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa Mwas. Musembi akauliza kama litapitishwa kwa kamba kwenye roshani ya juu. Akaonyeshwa roshani, nayo ilikuwa imechomelewa vyuma kuanzia ukingo hadi dari. Wakalirudisha kabati nje, wakaliweka barazani, na jasho likawatiririka.

*

"Fundi, hukupima?" aliuliza Gathoni.

"Nilifuata vipimo ulivyonitumia kwa simu, mama. Futi nane kwa saba."

"Hiyo ilikuwa ukuta ya chumba!"

"Ndiyo, mama. Na ukutani litatosha."

"Litafikaje ukutani? Kwani kati yangu na wewe, fundi ni nani?"

Jibu lilikuwa moja: fundi ni Musembi. Kazi zake zote za mwaka ule zilikwenda katika nyumba za mstari huko Kamenu, ambako mlango hufunguka uani na kitanda huingia kama mgeni aliyezoeleka. Hakuwa amewahi kupandisha mbao ghorofani. Alipima ukuta mara tatu kwenye karatasi, na ngazi haikumpitia akilini hata mara moja.

"Si ufungue tu skrubu," alisema Mwas. "Tupandishe vipande."

"Halina skrubu."

"Basi misumari."

"Halina msumari."

Mwas akamtazama, akalitazama kabati, akapiga mluzi mdogo. Mzee Nzioki alimfunza mpwa wake kwamba mchongaji hatoi kitu mtini isipokuwa kile asichokihitaji, na kwamba mti ukishaungana haufunguliwi tena. Musembi aliichukua kanuni hiyo ya vinyago akaitia katika makabati. Kila ubao uliumana na mwenzake, jino kwa jino, kwa gundi iliyokauka siku nne.

Gathoni akakaa kwenye ukingo wa maua. Hasira ilipopungua, kilichobaki usoni pake kilikuwa woga. "Kesho baada ya kanisa, ndugu wote wa Kagwe wanakuja kumkaribisha mama yao," akasema. "Dada zake wanne. Watapanda huko juu, watafungua kila mlango. Wakute nguo za mama ziko kwa magunia sakafuni? Watasema nini juu yangu?" Akafuta uso. "Rudisha hiyo kitu, fundi. Na pesa nilikupa mwanzo, urudishe. Nitanunua ile ya katoni, jioni iwe juu."

Fedha za mwanzo zilikuwa zimekwisha kuwa mbao, na mbao zilikuwa zimesimama pale mbele yao zikimeta kwa vanishi.

"Buda, mimi niko na mzigo Githurai saa saba," Mwas akasema kwa sauti ya chini, maana hata yeye aliona aibu. "Turudishe saa hii, ama nikuache."

"Turudishe," alisema Musembi.

Ndila alikuwa ameketi kando ya kapu lake tangu mwanzo, kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha popote. Akasimama.

"Mama, samahani. Hiyo ya katoni hupandaje ngazi?"

"Si inakuja vipande vipande? Wanaiunganisha huko juu."

"Aa," akasema Ndila. Akamgeukia mumewe. "Baba Dianah, hata lako lilikuwa vipande mwezi jana."

"Mwezi jana."

"Na msumeno ni huo hapo."

Musembi akamtazama kana kwamba amemtukana. "Unataka nilikate? Mti ulioungana ni mti mmoja. Nzioki angeniona..."

"Nzioki hajawahi kupandisha kitu ngazi ya Membley. Nakuuliza jambo jepesi. Nani anajua ndani ya hili kabati kuna nini?"

"Mimi."

"Basi nani mwingine atajua pa kulikata?"

Alitaka kujibu, lakini kikohozi kikamwahi. Kilikuwa kile kikavu cha machimboni, kikamwinamisha mpaka akashika magoti, na wale wabebaji wakaangalia pembeni. Ndila alingoja kikohozi kimalizike, akamngoja avute pumzi, kisha akamsogezea mfuko wa zana.

Musembi akamwendea Gathoni, akausogeza mfuko wa zana karibu na miguu yake. "Mama, nipe mpaka saa kumi. Nitaligawa, litapanda, na juu litakuwa kama lilivyo. Nikiliharibu, zana zangu zote zibaki kwako."

"Nitafanya nini na patasi, fundi?"

"Sina kingine."

Gathoni akautazama mfuko ule, kitambaa chake kimeshonwa mara mbili kwa uzi wa rangi tofauti. "Saa kumi," akasema. "Na vumbi lisiguse gari."

"Mkikata hiyo kitu mimi sitaki kuona," alisema Mwas akipanda pikapu. "Naweza lia." Akaondoka, na kwa kuondoka kwake njia ya kurudi ikafungwa.

*

Ndila alitandika leso zake mbili juu ya matofali ya baraza ili zizuie vumbi la mbao. Musembi akaketi mbele ya kabati, asishike chochote. Aligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena. Mtumishi wa nyumba akaleta maji katika vikombe vya plastiki, vile vya kuwapa watu wa nje. Wabebaji wakanywa, naye Musembi akasahau chake.

Alijua kwamba nyuma ya nguzo ya nakshi ulipita ubao mmoja wa kati, na kwamba upande wa kushoto wa mzabibu alichimba mfereji mwembamba ili majani yapate kivuli. Mfereji ule ulianza juu ukaishia chini bila kukatika. Aliuchimba kwa ajili ya uzuri tu, na sasa alikuwa akiutazama kama mtu aliyekuta njia nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

"Hapa," akasema.

Akakata polepole, kwa msumeno wa meno madogo, akianza na taji la juu. Unga wa mbao ukaanguka juu ya leso. Mara mbili alisimama akafuta macho kwa mkono wa shati, na mkewe akajifanya anakunja kitambaa. Baada ya saa moja na nusu kabati lilitoa mlio mfupi, kisha likawa mawili. Nusu ya kulia ilibaki na ule ubao wa kati, ikasimama imara. Nusu ya kushoto ilikuwa wazi upande mmoja, ikayumba. Ndila akafungua kamba ya katani iliyofunga kapu lake, akaizungusha mara tatu kwenye ile nusu, akaikaza kwa fundo la kubebea kuni. Kuyumba kukakoma.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya vigingi. Lazima pande mbili zishikane huko juu bila gundi, maana gundi ingetaka siku nzima na Gathoni hakuwa nayo. Musembi akatoboa mashimo manne kwa keekee, akachonga kigingi kwa kipande laini cha saiprasi kilichokuwa kimezuia kabati garini, akakijaribu kwa kukitia kabari. Kikapasuka. Akachonga cha pili. Hicho nacho kikafa.

"Nitume mtu hadwea alete bolti?" aliuliza Gathoni, ambaye sasa alikuwa amevuta kiti karibu.

"Bolti itakula mbao hii, mama. Mwaka mmoja, itakuwa inacheza. Na kichwa chake kitatoboa jani. Nataka mti mgumu." Akatazama huku na huko, kwenye maua, kwenye ukuta, kwenye matofali. "Karakana ninao. Lakini karakana ni Thika, na saa ni nane na nusu."

Kisha Ndila akaingiza mkono kapuni, akatoa mwiko.

"La," alisema Musembi.

"La nini?"

"Huo Nzioki alikuchongea harusini."

"Najua alimchongea nani. Miaka kumi na saba nasonga nao." Akamwekea magotini. "Umekata kabati la futi nane, utashindwa na mpini wa mwiko?"

"Na kwa Kamene utapika na nini?"

"Na huo huo. Nitasimama karibu zaidi na moto."

Mmoja wa wabebaji akacheka kwa nguvu, na kicheko chake kikamwambukiza Gathoni, akakificha kwa kiganja. Musembi akaushika mwiko kwa mikono miwili. Kisha akaukata mpini, akaupasua, akachonga vigingi vinne vyenye ukubwa wa kidole cha kati, na kabari nne nyembamba kama kucha. Alipotia cha kwanza shimoni na kukipiga kwa nyundo, mlio ulikuwa mzito, mlio wa mti juu ya mti. Hakikupasuka.

*

Nusu ya kwanza ilipofika kwenye kiwiko cha ngazi, nafasi iliyobaki kati yake na ukuta ilikuwa vidole viwili. Ya pili ilipita kwa kidole kimoja na nusu, kwa sababu ya kamba. Cucu Beth aliwaongoza kutoka juu kama nahodha. "Kushoto. Si hiyo kushoto, hii yangu!"

Katika chumba chake walizikutanisha nusu mbili. Musembi akapiga vigingi kutoka ndani, akatia kabari, akafungua kamba ya katani. Milango minne ikafunguka na kufungika. Saa ilikuwa kumi kasoro dakika tano.

Gathoni aliinama mbele ya nguzo ya nakshi akitafuta palipokatwa, macho karibu yaguse mzabibu. "Ni hapa," akasema.

"Hapo ni mshipa wa jani, mama."

"Basi hapa."

"Hapo pia ni jani."

Akasogea nyuma, akakaza macho, akajaribu mara ya tatu akakosea. Ndipo Cucu Beth akasogea. Macho yake hayakuwa na nguvu, hivyo hakuyasumbua. Alipandisha kidole gumba juu kadiri ya urefu wake, akakiteremsha taratibu kwenye mfereji, jani baada ya jani. Karibu na usawa wa kifua, kidole kikasimama. Kikarudi juu kidogo, kikashuka tena, kikasimama palepale.

Musembi akashusha macho sakafuni.

"Umeipata, Mami?" aliuliza Gathoni.

Cucu Beth akamgeukia fundi. "Siku moja mtu akitaka kuhamisha hii kabati," akasema, "itatoka?"

"Itatoka, Cucu. Kabari zikitolewa, vigingi vinatoka kwa mkono."

"Basi uonyeshe Kagwe vile inafunguliwa. Mimi nitakuwa nimesahau." Akaondoa kidole. "Gathoni, leta magunia yangu."

Nguo ya kwanza kuingia ilikuwa koti la marehemu mumewe. Alilitundika mwenyewe.

*

Gathoni alilipa kilichobaki, akitoa kiasi cha rangi ya ukuta, na Musembi hakubisha, kwa kuwa mkwaruzo ulikuwa wake. Walipofika mlangoni, akawafuata. "Fundi, jina lako ni nani tena?" Akalitaja. Gathoni akaliandika kwenye simu, akamwomba alitamke mara ya pili ili asikosee.

Langoni Nafuna akafungua daftari lake, akahesabu misumeno, patasi, keekee na nyundo. Alipofika kwenye kapu akatoa kitu kifupi chenye kichwa cha mwiko na mpini usiozidi kidole.

"Mwiko mmoja," akasoma. Akakiinua. "Huu uliingia mzima."

"Nusu imebaki kazini," alisema Ndila.

Nafuna akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaona unga wa mbao kwenye nywele zao. Wale wabebaji walikuwa wamekwisha kupita hapo na habari yote. Akafunga daftari. "Kumbe ni kweli," akasema. Kisha akashusha sauti, kama mtu asiye tena mlinzi. "Mimi nakaa hapo Mwihoko, gorofa ya tatu. Nataka kitanda, tano kwa sita. Utanifanyia bei gani?"

Siku nyingine Musembi angetaja bei kwanza, kwa hofu ya kumpoteza mteja. Safari hii alitia mkono mfukoni akatoa futi yake ya kupimia.

"Bei tutaongea," akasema. "Sisi tunaelekea hukohuko. Kwanza niambie, ngazi yenu ina kona ngapi?"

*

Ewe Mola mwenye kufungua yaliyofungwa, wabariki walio hai katika kisa hiki na wote walio mfano wao. Kitie wepesi kifua cha Musembi, wala usimrudishe kwenye vumbi. Umlinde Ndila na moto anaousogelea, na chungu chake kisikose nafaka. Mpe Cucu Beth siku za kulifungua na kulifunga kabati lake kwa amani, na Gathoni umwondolee hofu ya macho ya watu. Na kila aliyebaki leo nje ya mlango na mzigo usiopita, mwonyeshe pa kukata, na umpe mkono usiotetemeka. Amina.